Saba Kulia

Watu wa Majengo walimjua Kunegunda Mbano kwa mashine yake ya fotokopi kabla hawajamjua kwa mafumbo. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, na humo alishinda akichapa barua za kuomba kazi, mikataba ya viwanja na katiba za vikoba, vile vikundi vya kuweka akiba. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mzito kidogo wa mwili, na miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Mumewe Makarius alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Binti yao, Aurelia, alikuwa ameolewa Namtumbo, na mwaka ninaousimulia alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kwa ajili ya huyo binti mtaa mzima ulimwita Mama Aurelia.

Mafumbo aliyaanza kwa bahati tu. Emiliani, mhariri wa gazeti dogo la wiki lililoitwa Upepo wa Matogoro, alizoea kuleta kurasa zake zichapwe kwake kabla ya kwenda mitamboni. Siku moja tangazo la duka la mbolea halikufika, ukurasa wa mwisho ukabaki na shimo. Emiliani akawa anajikuna kichwa. Kunegunda akamwambia amwachie lile shimo mpaka mchana. Aliporudi alikuta limejaa miraba myeusi na myeupe, na chini yake maswali. Tangu siku ile kona ile ikawa yake, na watu wakaiita chemshabongo ya Mama Aurelia.

Ufundi huo aliurithi kwa baba yake, aliyekuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji cha wamisionari, enzi za herufi za madini ya risasi. Herufi zilizochakaa mzee alizileta nyumbani mfukoni, na mtoto akazichezea sakafuni kama wenzake walivyochezea mawe. Akiwa bado hajaanza shule aligundua kwamba herufi zilezile za LIMA zinatoa MALI, na ukizivuruga tena zinatoa MILA, kisha LAMI. Jambo hilo lilimfurahisha kupita kiasi. Alipokuwa mtu mzima bado aliona maneno hivyo, kama vitu vinavyoweza kupinduliwa kuona chini yake kuna nini.

Maswali yake yalikuwa na hila. Aliandika, "Ya kuchotea maji, nayo ina diwani," na jibu likawa kata. Aliandika, "Mbuzi huyu hali majani, anakula nazi," na waliotafuta jina la mnyama wa ajabu wakahangaika wiki nzima, kumbe ni mbuzi yuleyule wa jikoni. Lililopendwa zaidi lilikuwa, "Ndoa imevurugika, Songea wanaisongea ugali." Waliomzoea walijua kwamba akitaja kuvurugika anamaanisha herufi zivurugwe, basi wakazivuruga herufi za ndoa wakapata dona. Wasiomzoea walisoma sentensi kama ilivyo, wakadhani kuna mtu anasemwa.

Miraba ya kwenda chini aliipa kichwa CHINI. Ile ya kulala aliipa kichwa KULIA, kwa maana ya kuelekea mkono wa kulia, kama magazeti mengine yanavyofanya. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Songea ikiwa imeshika, watu wakitembea na makoti hata saa sita mchana. Wiki hiyo timu ya Simba ilikuwa na mechi kubwa, na Kunegunda alitaka kuwatania mashabiki. Alikuwa amegundua zamani kwamba herufi za simba ni zilezile za msiba. Basi kwenye namba saba, upande wa Kulia, akaandika: "Simba amevurugika, nyumba nzima inalia. Herufi tano."

Jumamosi gazeti lilitoka. Kinyozi mmoja, shabiki wa kufa na kupona wa Yanga, mahasimu wa Simba, alilikata swali hilo akalibandika kwenye kioo chake, na wateja wakacheka.

Jumapili asubuhi habari zikafika kwamba Azizi, mnunuzi wa madini aliyekuwa na ofisi jirani na soko, amepata ajali njia ya Tunduru. Gari lake lilikuwa limeacha barabara kwenye kona, mbele ya Namtumbo, akafa palepale. Kunegunda alimfahamu. Alikuwa mteja wake wa kopi za leseni, mtu wa maneno machache aliyezoea kusimama dirishani huku gazeti limekunjwa kwapani. Alisikitika kama mtu anavyosikitikia mteja, akasema atakwenda kutoa pole.

Mazishi yalifanyika Jumatatu. Zuhra, aliyeuza vitenge mlango wa pili kutoka dukani kwa Kunegunda, alikwenda, naye aliporudi hakufungua duka lake. Aliingia kwa Kunegunda akakaa kwenye kiti cha wateja, na ushungi wake bado ulikuwa umebanwa vilevile.

"Mama Aurelia," alisema, "ulijua kwamba marehemu anaitwa Simba?"

Kunegunda alisema hapana, yeye anamjua kwa Azizi.

Zuhra akamweleza. Lilikuwa limekuja basi zima la watu kutoka Tunduru na vijiji vya huko, pamoja na Swalehe, mdogo wake marehemu. Hao ndugu na wachimbaji wenzake wa zamani hawakumwita Azizi hata mara moja. Walimwita Simba. Inasemekana katika ujana wake machimboni alilala nje peke yake, na kulipokucha wenzake wakakuta nyayo za simba zimemzunguka na yeye bado anakoroma. Jina likabaki kule kule. Hapa mjini hakuna aliyelijua. Jeneza lilipotolewa ndani, watu wale walilia, Simba wetu, Simba wetu, na nyumba nzima ikawa kilio kitupu. Ndipo mtu mmoja pale uani akakumbuka gazeti.

"Walilitoa palepale," Zuhra alisema. "Wakalisoma. Wengine walipiga picha."

Kunegunda aliuliza watu walisema nini. Zuhra alitazama barabarani. Akajibu kwamba hawakusema kitu, na hilo ndilo lililomtisha.

Kabla ya jua kuzama picha ya ukurasa ule ilikuwa imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Songea nzima. Juu yake mtu alikuwa ameandika swali: huyu mama alijuaje? Wengine walionyesha kwamba hata kichwa cha maswali hayo ni KULIA. Saba Kulia. Wakahesabu kwamba mwezi wenyewe ni wa saba. Mtu akafukua magazeti ya zamani akaona kwamba wiki ile banda la mbao lilipoungua, katika miraba kulikuwa na neno moto. Mwingine akaona neno mafuriko, akakumbuka mto uliofunga barabara. Mtunga mafumbo yeyote angeweza kuwaambia kwamba hakuna wiki ambayo miraba haina moto, maji, kifo au ndoa, kwa sababu hayo ndiyo maneno ya watu. Lakini Kunegunda hakuwa na mahali pa kusimama akasema hayo, na zaidi ya hapo, usiku aliposoma orodha ya yale waliyoyafukua, naye mwili ulimsisimka.

Siku zilizofuata duka lilipoa. Wateja waliozoea kuegemea dirishani wakipiga soga sasa walisimama mbali kidogo wakanyoosha karatasi kwa mkono mrefu. Mama mmoja alimtuma mtu amchukulie picha zake za pasipoti, yeye akabaki ng'ambo ya barabara. Asubuhi moja Kunegunda alikuta chumvi imemwagwa kizingitini, nyingi, ya mawe, ile ya kuzuia wachawi. Aliifagia, na alipoinua kichwa aliona watu kwenye kibanda cha chai wanamtazama wote.

Emiliani alipiga simu kwa furaha. Gazeti lilikuwa limeisha, wanachapa tena, na mpaka Tunduru wanaliulizia. Aliomba fumbo la wiki ijayo liwe kali kama lile. Kunegunda alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

Lakini kilichomwogopesha kuliko chumvi kilikuwa ujio wa bwana mmoja wa makamo, aliyevaa koti la suti na viatu vilivyopigwa rangi. Alisalimia kwa adabu, akangoja wateja wawili waondoke. Kisha akainama dirishani akasema kwa sauti ya chini kwamba ana mwenzake kazini, mtu mbaya, na kwamba jina la mtu huyo si gumu, lina herufi saba. Akauliza kama linaweza kuingia.

Kunegunda alidhani amesikia vibaya. Akamwuliza liingie wapi.

"Kwenye fumbo lako," yule bwana alisema. "Sitaki afe, mama. Augue tu kidogo."

Kunegunda alimgeuzia mgongo. Aliwasha mashine ya fotokopi, akaiacha ikitoa kurasa nyeupe moja baada ya nyingine, mpaka ngurumo yake ilipomfanya yule bwana aachane na dirisha. Aliondoka taratibu, kama mtu aliyeambiwa arudi kesho. Hapo ndipo Kunegunda alipoelewa kwamba kuna watu wanaomchukia kwa jambo hili na kuna watu wanaomheshimu kwa jambo hilihili, na hao wa pili ndio wabaya.

Swalehe alikuja siku ya soko, mchana, barabara ikiwa imejaa watu. Alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka arobaini hivi, mwenye kanzu iliyofifia na koti juu yake. Hakupita dirishani, aliingia kwa mlango. Hakumwamkia Kunegunda shikamoo, ingawa kwa umri ilimpasa. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akatoa ukurasa wa gazeti kutoka kotini, akauweka mezani na kuunyoosha kwa kiganja.

"Nani alikupa maneno haya?"

"Hakuna aliyenipa, mdogo wangu. Nimeyatunga mwenyewe."

"Uliyatunga lini?"

"Jumatano ya wiki ile."

"Jumatano ndugu yangu alikuwa mzima, hana hata mafua." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Kwa nini uandike kwamba nyumba yake inalia?"

Kunegunda alijaribu kumweleza. Alichukua kalamu akamwandikia herufi tano, akampangia simba, akazivuruga, akampangia msiba. Alimweleza habari ya mechi. Kadiri alivyoeleza ndivyo yeye mwenyewe alivyosikia maneno yake yakizidi kufanana na uongo. Swalehe alimsikiliza mpaka mwisho, kama hakimu anavyomsikiliza mshitakiwa ambaye yeye amekwisha kumhukumu moyoni.

"Mimi sio mtu wa kuamini uchawi," alisema hatimaye. "Hao wanaomwaga chumvi nawaacha. Ninachoamini ni hiki. Kaka yangu aligombana na watu kwa ajili ya jiwe la thamani, na watu hao walimtishia. Karatasi za mji huu zote zinapita hapa kwako. Kuna mtu alikuja akasema neno, wewe ukalisikia, au alikutuma uliandike ili wenzake walisome. Sasa mimi nakwenda Tunduru. Nikirudi nataka jina."

Alikunja ukurasa wake akaondoka. Kunegunda alibaki ameshika kalamu. Jina hakuwa nalo, na hakujua mtu anafanya nini anapodaiwa kitu asichokuwa nacho na mtu asiyepiga kelele.

Makarius aliposikia, alisema mkewe afunge duka aende kwa dada yake Mbinga mpaka mambo yapoe. Kunegunda akakataa. Alisema akikimbia atakuwa amekiri. Basi Makarius akaleta mashine yake ya kuchomelea nyumbani, akaongeza nondo kwenye mlango wa mbele na kwenye madirisha yote mawili. Kunegunda alikaa uani akitazama cheche zikiruka katika mwanga wa mchana. Alikuwa mtu wa kuketi mlangoni na kusalimia wapita njia, na sasa nyumba yake ilikuwa inafanana na mahabusu.

Hofu ikahama, ikatoka kwa watu ikaingia kwenye maneno. Mchezo alioupenda tangu utoto sasa ulimfuata bila kuitwa. Kila jina lililopita mbele ya macho yake lilipinduka lenyewe likaonyesha tumbo. Alisoma vibao vya maduka akaona ndani yake maneno ambayo wenye maduka hawakuyaandika. Akaacha kutaja mnyama yule kabisa. Hata watu walipozungumza mpira, aliinuka.

Kisha siku moja, akichapa ujumbe wa simu kwa binti yake, aliona jina lake kwenye kioo cha simu: AURELIA. Herufi tatu za mwisho zilikuwa lia. Alikuwa ameliandika jina lile maelfu ya mara, kwenye daftari za shule, kwenye kadi ya ubatizo, kwenye mwaliko wa harusi, na hakuwahi kuona. Akaitupa simu kitandani kama vile imemuunguza. Mtaa mzima, kila asubuhi, ulimpita ukimsalimia kwa jina hilo, na kila salamu ilimaliza kwa kumwambia lia.

Tangu hapo akawa anampigia binti yake mara kwa mara, kumuuliza kama amekula, kama miguu imevimba, kama mtoto anacheza. Hakumwita jina. Alimwita mwanangu, mama, mpenzi. Aurelia aliona mabadiliko hayo.

"Mama, siku hizi mbona huniiti jina langu? Nimekukosea nini?"

Kunegunda alimjibu kwamba hajamkosea, mtandao unakatika.

Mjumbe aliyeleta wito alikuwa Zuhra. Alikuja dukani asubuhi, akasimama mlangoni bila kukaa. Alisema Mwanaisha, mjane wa Azizi, anataka kumuona. Yuko eda, hatoki, kwa hiyo inabidi Kunegunda aende. Swalehe amesharudi kutoka Tunduru na yuko hapohapo nyumbani.

Kunegunda aliuliza kama Zuhra anadhani ni salama. Zuhra alisema hajui. Alisema yeye atakwenda naye, na wakiwafukuza watafukuzwa wote wawili.

Wakatoka pamoja. Nyumba ya marehemu haikuwa mbali, ilikuwa na geti la bluu ambalo Makarius mwenyewe alilichomelea miaka ya nyuma. Wanaume wachache walikaa kibarazani, na Swalehe alikuwa mmoja wao. Hakuna aliyejibu salamu kwa sauti. Walivua viatu mlangoni. Ndani wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka wakichambua mchele. Mikono yao yote ilisimama.

Mwanaisha alikuwa pembeni karibu na ukuta, amejifunika nguo nyeupe, uso wake umenyauka kwa kukosa usingizi. Alikuwa mdogo kuliko Kunegunda alivyodhani. Aliwaomba wale wanawake wawapishe, nao wakatoka mmoja mmoja, wakimtazama Kunegunda kwa pembe ya jicho. Akamwonyesha mahali pa kukaa. Kunegunda akaanza kusema pole na maelezo yake kwa pamoja, herufi, mechi, kinyozi, na Mwanaisha akainua mkono kumzuia.

"Hayo nayajua," alisema. "Mume wangu alinifundisha. Neno likivurugika, unavuruga herufi."

Akaeleza. Azizi alijaza chemshabongo kila Jumamosi, baada ya kula, akiwa amelala ubavu juu ya mkeka uleule waliokaa. Alimsifu sana aliyeitunga. Alisema mama yule wa fotokopi ana akili za kichimbaji, anajua kitu kizuri hakikai juu. Jumamosi ile alijaza kama kawaida, na alipofika saba Kulia alicheka, akaandika msiba. Kisha akairudia kuisoma, mara ya pili na ya tatu. Akaweka kalamu chini.

"Nikamwuliza kuna nini. Akaniambia, huyu mama ananionya."

Kunegunda hakuelewa. Alirudia neno lile, kumwonya.

"Alidhani umesikia jambo huko dukani kwako," Mwanaisha alisema. "Wale watu walimtishia, hilo ni kweli. Alidhani wamekuja kutoa kopi, wakazungumza mbele yako, na wewe huwezi kumwambia mchana kweupe, ndiyo maana umemwandikia mle. Alisema Mungu akubariki. Safari yake ilikuwa ya Jumanne, na dereva. Akasema hapana, hamwamini dereva tena, ataondoka mwenyewe kabla hakujakucha, awahi kwa Swalehe. Hakulala. Nilimsikia anazunguka chumbani. Alipoondoka macho yalikuwa mekundu."

Alirekebisha nguo yake begani.

"Polisi wamelikagua gari. Hakuna kilichokatwa, hakuna gari jingine lililomgusa. Alisinzia, basi."

Kunegunda alishika mdomo. Katika siku zote hizo alikuwa ameogopa kwamba watu watasema maneno yake yameua, na alikuwa amejiandaa kukana. Hakuwa amejiandaa kusikia kwamba marehemu alimwamini. Aliona mtu yule dirishani, gazeti kwapani, akingoja kopi zake kwa subira, na akili yake ikarudi Jumatano ile alipokuwa akiandika swali huku akitabasamu peke yake.

Mwanaisha alimwita shemeji yake. Swalehe alikuja akasimama nyuma ya pazia la mlango, miguu yake ikionekana chini. Mjane akamsimulia upya, kwa kifupi, yote aliyokuwa ameyasema. Alisema hakuyasema mapema kwa sababu alikuwa hajiwezi, na kwa sababu aliona aibu ya kwamba mumewe alitoka nyumbani kwa kuogopa gazeti. Lakini amesikia Swalehe alikwenda Tunduru kutafuta watu, na hataki mtu wa pili afe kwa kitu ambacho hakipo.

Pazia halikutikisika.

"Kwa hiyo hakuna jina," Swalehe alisema.

"Hakuna," Mwanaisha alimjibu.

Alibaki pale, miguu haiendi wala hairudi. Kisha ikageuka. Walimsikia akiwaambia wanaume wa kibarazani kitu, na mmoja wao akasema inna lillahi.

Kunegunda aliomba msamaha. Hakujua aombe msamaha wa nini hasa, akaomba hivyohivyo. Mwanaisha alimtazama machoni.

"Sisemi umemuua," alisema. "Ila usiniambie kwamba yalikuwa maneno tu. Sasa nenda, dada. Usije arobaini. Nikiwa tayari kukuona nitakuja mwenyewe dukani."

Njiani Zuhra alimshika mkono, jambo ambalo watu waliliona, na nadhani alikusudia walione.

Mambo hayakuisha siku moja. Habari ya mjane ilitoka polepole kupitia kwa wanawake waliochambua mchele, nayo haikusafiri kwa kasi ya ile picha. Wengine waliipokea, wengine walisema ni njia ya familia kuficha. Wateja walirudi kwa sababu mji unahitaji kopi. Mpaka leo kuna mama anayetuma mtu. Makarius alitoa nondo za madirisha, ya mlangoni akaiacha.

Aurelia alijifungua salama mtoto wa kike. Walimwomba bibi ampe jina, kwa kuwa ndiye mjuzi wa maneno, naye akakataa, akasema hiyo ni haki ya upande wa baba. Wakamwita Domina. Kunegunda aliposikia alitulia simu ikiwa sikioni, akilipindua jina lile kichwani huku na huku, mpaka binti yake akamwuliza kama bado yupo.

Chemshabongo hakuitunga tena. Emiliani alimbembeleza sana, akaahidi kwamba maswali yatakuwa mepesi, ya moja kwa moja. Hakukubali. Mwishowe kona ile ikajazwa na nyota, za kukwambia wiki yako itakuwaje kufuatana na mwezi uliozaliwa. Watu wanazisoma kwa furaha, hata wale waliosema hawataki mambo ya kutabiri.

Swalehe alirudi dukani mwaka huohuo, mvua zilipoanza. Kunegunda alimwona akivuka barabara akichagua pa kukanyaga katika matope, na mkono wake ukatafuta ufunguo wa mlango kabla hajajua kwamba umefanya hivyo. Lakini alikuja dirishani kama mteja yeyote. Alikuwa na karatasi za mirathi, alihitaji kopi. Alisalimia, akaulizia hali ya mzee Makarius. Kunegunda aliingiza karatasi kwenye mashine moja moja, na ya tatu iliingia upande, akalazimika kufungua mashine na kuichomoa.

Swalehe alimtazama akifanya hayo. Akauliza kama ni kweli kwamba ameacha mafumbo. Kunegunda alisema ndiyo.

"Kaka alisema kila jina lina kitu ndani," Swalehe alisema. Hakuwa anatania, wala hakuonekana kutaka shari. "La kwangu lina nini?"

"Sijaangalia," Kunegunda alimjibu.

Alikuwa ameangalia. Aliangalia tangu siku ile ya kwanza, Swalehe alipokuwa bado amekaa kwenye kiti cha wateja, na aliangalia mara nyingi baadaye. Alimpa kopi zake zikiwa bado na joto la mashine. Swalehe aliziweka kwenye mfuko wa plastiki, akazifunga vizuri zisiloe, akashukuru, akarudi mvuani.